Siku Warumi Walipokuja Bofu

Kwamba sisi hatukuwa na ustaarabu nilikuja kujua sebuleni kwa nyanya yangu mzaa baba, huko Likoni, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Aliyekuja kutuletea huo ustaarabu alikuwa memsahib mmoja wa Shelly Beach, mjane wa Kiingereza mwenye kofia pana na wema wa kuudhi. Alitaka kina mama wa Bofu, mtaa wetu, waonyeshwe picha za Rumi ya kale na za mafundi wa kuchora wa Ulaya waliofuata. Hakuna aliyemwomba. Lakini alikuwa na mashine ya kumulika picha ukutani, ikitumia betri ya gari lake, na mwenye mashine hakosi pa kuiweka.

Mimi nilimhitaji kwa haja yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa la nane, na roho yangu yote ilikuwa kwenye shule ya sekondari ya wasichana iliyoko ng'ambo ya kivuko. Memsahib alikuwa katika kamati ya shule ile. Bila barua yake siingii. Nyanya, aliyenilea tangu mama alipokufa, alisema hanitoi mpaka asikie kwa masikio yake wanachofundisha Wazungu. Basi mkutano ukawekwa kwetu, na mkalimani nikawa mimi.

Madirisha yalifungwa alasiri, udi ukafukizwa, kina mama kumi wakajipanga mikekani. Memsahib akapiga chafya, kisha akaiwasha mashine. Picha ya kwanza ilikuwa sanamu la mwanamume, uchi kama alivyozaliwa, hana mikono.

"Toba yarabi!" Viganja ishirini viliziba macho, na vidole vikaacha nafasi.

Memsahib akaeleza uzuri wa mwili wa binadamu. Mimi nikamwangalia nyanya, nikaiona shule yangu inazama, nikatafsiri: "Anasema huyu alikuwa mwizi. Walimkata mikono, wakamvua nguo, wakamweka njiani watu wapate funzo."

"Afadhali," akasema jirani yetu. "Kumbe walikuwa na sheria."

Ikaja karamu, wanaume wamelala ubavu huku wanakula. Jirani akauliza hao wanaugua nini. Nikamwambia utajiri.

Halafu tukafika kwa mafundi wa Italia, na Bibi Maryamu akatokea ukutani akimnyonyesha Nabii Isa. Hapo nyumba nzima ilinyamaza kwa heshima, ila nyanya.

"Muulize, huyo fundi aliyemchora ni maharimu wake? Ni nduguye? Ni ami yake?"

Memsahib alicheka. Akasema fundi alizaliwa zaidi ya miaka elfu baadaye. Alimkalisha mwanamke yeyote wa mtaani kwake, pengine hata hawara wake, akamchora huyo. Nilishangaa hata nikasahau kudanganya. Nilitafsiri kama lilivyo.

Lo! Mkeka ulichemka. "Hawara ndiye Bibi Maryamu?" "Wakamtundika kanisani wakamsalia?" "Na mkewe fundi alikuwa wapi?" Memsahib alinishika bega, macho yamemlowa, akaniambia kina mama wameguswa na sanaa.

"Muulize," akasema nyanya, "na mababu zake yeye, wakati wa hao Warumi, walikuwa wapi?"

Mama yule alikuwa mkweli, sina budi kusema. Alijibu kwamba mababu zake walikaa vibandani, wakijipaka mwili rangi ya buluu, mpaka Warumi walipokuja wakawatawala karibu miaka mia nne, wakawafundisha kujenga barabara na kuoga. Wallahi sijapata kutafsiri kwa uaminifu kama siku ile! Nililirudia lile la kuoga mara mbili.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Nyanya hakucheka. Aliuliza taratibu, kwa adabu yake yote: "Mwambie, na wao waliambiwa na Warumi kwamba hawajawa tayari kujitawala?"

Nami, kwa Kiingereza changu safi cha darasa la nane, nikaliuliza. Memsahib akanitazama mimi, si nyanya. Akasema betri imekwisha.

"Nenda kasome," nyanya aliniambia walipotoka. "Watu wanaotoa aibu zao zote mbele ya wageni hawawezi kukuficha kitu." Kesho yake alinunua kitambaa cha sare.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Nilimsomea nyanya mimi mwenyewe, hakuna mwingine aliyejua Kiingereza nyumbani. Memsahib aliandika kwamba mimi ni hodari wa lugha lakini sina adabu, naye hawezi kunipendekeza.

"Umemkosea nini?"

"Nilimfikishia swali lako."

Alivaa buibui papo hapo. Nyanya yangu, ambaye hajawahi kusimama mlangoni kwa Mzungu, alitembea juani kutoka Bofu mpaka Shelly Beach kusema swali lilikuwa lake na mtoto alikuwa mdomo tu. Mimi nilikatazwa kumfuata. Nilikaa barazani nikijilaani, nikimlaani memsahib, na Warumi wote pamoja naye.

Alirudi alasiri, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekalishwa kwenye kizingiti cha jikoni, akaletewa salamu kwamba memsahib amejipumzisha, kisha kwamba ametoka kwa mlango wa mbele.

"Basi hukumwona?" nikauliza.

"Nimemwomba radhi mpishi wake," akasema. "Ndiye aliyekuwapo."