Tonge la Mkono wa Kulia

Asalaam aleikum nyote mtakaosoma. Mimi ni Bi Rukia, mtu wa Matondoni. Chuoni nilisoma Kurani, skuli sikukaa, basi nitasema kama nijuavyo. Yaliyonipata mimi yaweza kukupata wewe.

Kabla ya maradhi nilikuwa mtu wa mikono. Nasuka mikeka, napika, nafua, na sipendi kusaidiwa. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mwanangu Shee, ambaye ni fundi wa mashua, na mkewe Mwanaesha. Shee ana mvi ndevuni, na bado alipata mchezo. Mzungu mmoja alikuja kutengenezesha mashua yake, akakaa miezi, na kila alasiri akicheza upanga wa mbao. Ni upanga wa kale wa kwao, mrefu, hushikwa kwa mikono miwili. Shee akajifunza kwake. Mzungu alipoondoka, Shee na wenzake wawili wakaendelea kwa video za simu. Hawalipwi, hawashindanii kitu. Huvaa makoti waliyoshona kwa sponji ya godoro, na jua lote hili, wakapigana nyuma ya nyumba yangu.

Kirumbizi nakijua, fimbo kwa fimbo, na kina ngoma yake na zumari lake. Mchezo huu wa Shee haukuwa na ngoma. Nikamwambia, "Wenzio wa rika lako wanacheza na wajukuu, wewe na kijiti." Akacheka tu.

Asubuhi moja nilikuwa natia udhu. Birika likaniponyoka. Nikataka kuliokota, mkono wa kulia haukutii. Nikataka kumwita Mwanaesha, ulimi mzito kama umevimba. Nikaanguka papo hapo, maji yakanilowesha, na haja ndogo ikanitoka. Kila kitu nilikisikia. Hilo watu hawalijui: ukianguka hivyo, wasikia.

Shee alikuwa kazini Pate. Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni upepo mbaya, nimekanyaga mahali pa wenyewe, majini. Wakaniandikia kombe, aya za zafarani zilizooshwa sahanini, wakaninywesha, likamwagika upande wa mdomo uliopinda. Nilitaka kusema nipelekeni hospitali, ikatoka sauti ya mbuzi. Wakasema jini ndiye anayesema. Siku nzima ikapita hivyo, nimelala natazama dari, naujua mwili wangu unaniacha na hakuna wa kumwambia.

Shee aliporudi kesho yake hakuuliza mtu. Alinibeba mpaka kwenye boti, tukaenda hospitali ya Amu, Lamu mjini. Daktari alipima presha akaipima tena. Akasema ni kiharusi, akauliza kwa nini tumechelewa. Siku ya kuruhusiwa, kwa ulimi wangu ule, nikamuuliza kama mkono utarudi. Akasema, "Bi, sikudanganyi. Mguu utarudi. Mkono, sijui."

Mguu ulirudi kwa mkongojo. Mkono ulining'inia. Nyumbani nikawa mtoto. Mwanaesha alinigeuza, alinisafisha, alinibadilisha nepi, na mimi nilifumba macho kama kwamba nisipomwona, yeye haoni.

Lakini kubwa lilikuwa chakula. Mkono wa kushoto tumefunzwa tangu utotoni una kazi yake, na kazi hiyo si sinia. Hata kijiko kwa mkono huo nikakikataa. Maalim akaja akaniambia mgonjwa ana ruhusa, Mungu haudhiki. Nikamwambia nimesikia, nikafunga mdomo. Kwa hiyo Mwanaesha akawa ananilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, mbele ya mwanangu. Nilikula kidogo ili aibu iishe haraka. Nikakonda mpaka pete ikatoka yenyewe kidoleni.

Daktari wa mazoezi alinipa mpira wa kuminya. Vidole havikuminya. Mpira ukabingirika uvunguni na mimi siwezi kuufuata. Nikauacha huko.

Ndipo Shee akaja na upanga wake wa mbao. "Mama, njoo tujaribu. Huu ni wa mikono miwili. Mmoja ukilala, mwenziwe huubeba."

Nikamwambia aniondolee upuuzi wake mbele ya macho.

"Basi nitukane huku umeushika," akasema.

Aliufunga mkono wangu kwenye mpini kwa kipande cha leso, nami nimekaa kitini. Wazungu hao wana majina ya kila namna ya kuuweka upanga. Kuna jembe, kuna fahali. Ncha ikielekea chini, huitwa mpumbavu. Mimi nilikuwa mpumbavu miezi. Wa kushoto ulivuta, wa kulia ukafuata kama maiti. Upanga uliniangukia mguuni, kucha ikawa nyeusi. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Daktari wa mazoezi alipotuona akasema tusikaze leso, tusivute bega, tuendelee.

Siwezi kusema nilishinda. Nilikaa pale nikaomba, na mkono ulifanya ulivyotaka. Kwanza bega likauma, baada ya muda mrefu wa kutohisi kitu. Kisha kiwiko kikakunjika. Kisha kidole gumba. Nikangoja vingine, havikuja.

Siku moja tulikuwa kwenye sinia, wali wa nazi na samaki. Mwanaesha alinyoosha mkono kunilisha. Nikamwambia, "Ngoja." Wa kushoto ukashika kifundo cha wa kulia, ukauongoza. Nikafinya tonge kwa gumba, juu ya vidole vilivyolala. Nusu ikaanguka kifuani. Nusu ikafika.

Shee aliinamia chakula chake. Mwanaesha akauliza kama chumvi imetosha. Nikamwambia haikutosha.

Namshukuru Mungu, na baada yake Mwanaesha, aliyenishika pale ambapo mtu hashikwi. Na Shee namshukuru, ingawa sijamwambia. Nanyi nawausia: mkimwona mtu mdomo umepinda na mkono umelegea, msikae kumjadili. Dua someni, lakini someni mkiwa njiani. Presha pimeni mkiwa wazima, mimi sikuwahi kupimwa. Na mgonjwa asiyesema, msimsemee.

Msidhani nimepona kama watu wanavyosema kupona. Kuoga bado naogeshwa. Mkeka sijasuka, na nadhani sitasuka tena. Vidole viwili vimekunjana, na kila alasiri naushika upanga nikavitazama. Mkono huchoka upesi. Tonge la kwanza nalitia mwenyewe, yaliyobaki nalishwa. Alhamdulillahi kwa hilo moja.