Swali la Mtu wa Gichiaro

Kocha wa timu moja ya daraja la pili huko Ulaya Mashariki alinitumia ujumbe nikiwa nyumbani Muthara. Mchezaji wake mrefu alikuwa ameumia, akataka niende nimalizie msimu. Alihitaji jibu kufikia Jumatatu. Mimi nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kuusoma ujumbe, na mama alikuwa na lake kabla sijamaliza kumweleza.

"Huendi," alisema, akarudi kuchambua maharagwe.

Nieleze kazi yangu, maana hata majirani hawaielewi vizuri. Urefu ulinitoa shule ya upili hapa Meru ukanipeleka chuo kikuu Marekani, nikasoma bure mradi tu nicheze mpira wa kikapu. Nilipohitimu niliambiwa kwa upole kwamba ligi kubwa ya kule si saizi yangu, ila dunia ni pana. Basi nikaizunguka: Ureno, Romania, Georgia, miji midogo ya baridi ambako mashabiki huvuta sigara mlangoni na kukutukana kwa moyo wote. Kule waliniita Mmarekani, kwa sababu ya chuo. Marekani nilikuwa Mkenya. Hapa Muthara nimekuwa Mmarekani tena. Mchezaji wa kigeni ni kama kuku wa mayai: akiacha kutaga, watu wanaanza kumtazama shingo. Nimewahi kuamka baada ya mechi mbaya nikakuta tiketi yangu ya kuondoka imeshakatwa. Na bado niliipenda kazi ile. Nilipenda mlio wa viatu sakafuni na ile sekunde mpira unapotoka mkononi na wewe unajua tayari. Niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote.

Mama alitaka nioe, nijenge kwenye kipande nilichopewa na baba, nifundishe shule. Alimtuma mchungaji wetu, naye akaja na methali yake, "Mcheza kwao hutunzwa." Nilimjibu kwamba kwetu kiwanja chenyewe kinalishiwa ng'ombe. Alicheka, akanywa chai, akaenda zake.

Jambo ambalo mama hakulijua ni goti. Daktari wa timu yangu ya mwisho alinionyesha picha, akasema gegedu limeisha, na nikicheza msimu mwingine nitatembelea fimbo maisha yangu yote. Nilimshukuru, nikafunga bandeji, nikajiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyumbani nilisema nimechoshwa na safari tu.

Jumamosi mama alirudi kutoka soko la Gakoromone akiwa na mwanamke nisiyemjua, mdogo kwangu kwa umri, vumbi la ndengu bado mikononi. Mama hampishi mtu kiti chake, hata huyo mchungaji humsalimia akiwa ameketi. Lakini huyu alimpa kiti kile, akapangusa meza kwa upindo wa leso yake, akaja kuninong'oneza kwamba ni mtu wa gichiaro.

Ukoo wetu na wao ulikula kiapo cha undugu zamani sana, na kiapo hicho bado kinatufunga. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Humpigi, humtukani, na zaidi ya yote humdanganyi, maana ukimdanganya unajitafutia balaa. Mimi nimesoma, nimeokoka, nimevuka bahari sijui mara ngapi. Niliposikia ni nani, niliishusha miguu yangu kutoka juu ya stuli na kukaa vizuri.

Kisha nikauona mtego, nikakasirika. Mama alijua simsikii yeye wala mchungaji, kwa hiyo amekwenda kunitafutia mtu nisiyeweza kumkatalia. Nilimkazia macho. Yeye alikuwa anamimina chai kama mtu asiye na neno.

Mgeni wetu alilelewa nyanda za chini za Embu, wazazi wake walikohamia, na Kimeru chake kilikuwa kimejaa Kimbeere, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Alikunywa chai taratibu. Mama akakohoa.

"Mama amenileta nikuombe usiende," alisema. "Lakini hiyo basketball yenu mimi siijui, na siwezi omba kitu sijui. Naomba tu uniambie ukweli. Tukifika nimekuona ukipanda hizo stairs za nje ukishika ukuta. Hiyo goti iko aje?"

Ningeweza kusema liko sawa. Nilikuwa nimewaambia hivyo makocha kadhaa kwa lugha kadhaa. Huyu sikuweza kumwambia hivyo. Sidhani niliogopa laana. Nadhani ni kwamba wote waliowahi kuniuliza walikuwa na jibu walilolitaka, na huyu hakuwa nalo.

"Imeisha," nilisema. "Daktari alisema nikicheza tena nitatembelea fimbo."

Mama aliweka birika chini. Alikuwa amejiandaa kushinda mabishano ya nyumba na harusi, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigiwa simu kutoka hospitali.

"Na bado ulikuwa uende?" aliuliza.

"Nilikuwa niende."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu huko nikianguka wataleta mwingine, basi. Hapa kila mtu ataniuliza kwa nini nimeacha."

"Watakuuliza tu, hata ukienda," mgeni alisema. "Afadhali uwajibu ukiwa umesimama."

Hakuomba kitu kingine. Mama alimfungia maziwa na ndizi, akamsindikiza hadi barabarani.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia kocha. Nilimwambia siendi, nikataja goti. Hakushangaa. Alikuwa na mtu mwingine anayesubiri, akanitakia heri, akakata. Salamu za jirani yetu huchukua muda mrefu kuliko hapo.

Nilikwenda jikoni kumwambia mama kwamba ameshinda. Nilikaa kwenye kigoda, magoti yakanifika kifuani, nikalia. Niliililia kazi ile kama mtu aliyefiwa. Mama alikuwa amepata alichokitaka, lakini hakumshukuru Mungu mbele yangu wala hakuniambia ninyamaze. Alisogeza kigoda chake, akaweka mkono juu ya goti lile bovu, akauacha hapo mpaka nilipomaliza.