Wageni Wawili wa Kanisa la Paa Jekundu

Zaitun alipohamia Dodoma kumfuata mwanawe Masudi, alidhani upweke utamuua. Kwao Kondoa alikuwa mtu wa mnadani. Tangu usichana wake alisimama juu ya meza akinadi vitenge, ndoo na mashuka ya mtumba, na wateja walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Masudi alipopata kazi ya wizarani na kujenga Area D, hakutaka mama yake aendelee kupigwa na jua la minadani. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Njoo upumzike," alimwambia. Akaja. Akapumzika mpaka mapumziko yakamchosha. Mtaani kila nyumba ilikuwa na ukuta na geti la chuma, watu walitoka asubuhi na kurudi jioni, na mchana kutwa hakusikia ila majogoo na pikipiki za mbali.

Siku moja, akiwa anaanika mboga, alisikia mtu anaimba upande wa pili wa ukuta. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nyembamba kidogo, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kigogo. Zaitun hakuelewa maneno lakini alisimama kusikiliza mpaka ulipoisha. Kisha akajitanda ushungi, akazunguka hadi geti la jirani na kupiga hodi.

"Hodi hapa! Anayeimba ni nani, nije nisikilize kwa karibu?"

Aliyekuwa akiimba ni Elieth, mjane wa Bahi, ambaye watu wote walimwita Mama Sila kwa jina la mwanawe. Aliteleza kwenye jaruba la mpunga akavunjika nyonga, na Sila akamleta mjini kutibiwa. Nyonga iliunga, lakini alitembea kwa mkongojo, na macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho, hivyo alikutazama kama anayechungulia kwenye ukungu.

"Shikamoo, mama," Zaitun alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kiti. Huku kwetu mtu akipiga hodi tunamshukuru Mungu."

Tangu siku hiyo hawakuachana. Walichambua mchele pamoja, walimenya karanga, walisemana na kuchekana. Adhuhuri ikifika Zaitun alitandika msala wake pale pale sebuleni kwa Mama Sila, na Mama Sila alizima redio bila kuambiwa.

Jumamosi moja Zaitun alimkuta rafiki yake amenyamaza, chai imepoa mbele yake.

"Kulikoni, Mama Sila? Nyonga?"

"Nyonga nzima. Daktari ameniruhusu hata kutoka." Akageuza kikombe. "Kesho Jumapili. Tangu nivunjike sijakanyaga kanisani. Sila amesafiri kikazi, na Debora yuko zamu hospitali." Debora alikuwa mkewe Sila, muuguzi. "Basi. Nitasubiri wiki nyingine. Nimeshazoea kusubiri."

Zaitun aliweka chini ungo wa mchele aliokuja nao. "Nitakupeleka mimi."

"Wewe? Kanisani?"

"Kwani bajaji inauliza dini ya abiria? Nitakushika mkono, utasali, nitakurudisha."

Jioni alimweleza Masudi, akiwa amejiandaa kubishana. Masudi aliacha kula akamtazama. "Utakaa wapi wakati wanasali?"

"Nitakaa anapokaa mgonjwa wangu."

Masudi akatabasamu. "Mpeleke mama wa watu. Jirani ana haki yake. Ila usiwafundishe kazi."

Asubuhi Zaitun alivaa dera lake la kijani na ushungi mweupe. Mama Sila alivaa kitenge cha akina mama wa kanisani kwao Bahi, kilichokuwa kimekunjwa sandukuni muda wote wa ugonjwa na kikanukia sabuni. Dereva wa bajaji aliitwa Erick, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa bado hajamaliza mwaka hapa mjini.

"Kanisa gani, mama zangu?"

"La Anglikana," alisema Mama Sila. "Ukipita shule, mkono wa kushoto. Lina paa jekundu. Kabla sijavunjika, nikija kumtembelea mwanangu, alikuwa ananipeleka kwa gari, hata dakika hazikuwa nyingi."

"Nalijua," Erick alijibu kwa uhakika wote.

Walishushwa mbele ya kanisa lenye paa jekundu, mkono wa kushoto, shule ikiwa nyuma yao. Mlangoni Zaitun alimwegemeza Mama Sila ukutani, akainama kuvua ndala zake. Mzee mmoja mrefu mwenye suti ya kahawia alimsogelea haraka.

"Mama, ingia nazo tu. Hapa hatuvui."

"Nyumba ya kumwombea Mungu niikanyage kwa ndala zilizotoka barabarani?"

Mzee alifikiri kidogo. Jina lake Ulimboka, mzee wa kanisa, mtu wa Tukuyu aliyekuja Dodoma kwa kazi ya serikali akastaafia hapo. "Ukiona moyo unatulia ukivua, vua, mama. Hakuna atakayekukataza."

Akavua. Vigae vilikuwa baridi, akavipenda. Aliona wanaume na wanawake wamekaa benchi moja, akasita, kisha akamketisha Mama Sila pembeni na yeye akakaa kati, karibu na mama mnene mwenye kilemba cha bluu aliyewasogezea nafasi na kunong'ona, "Karibuni sana, mimi Jenifa."

Ibada ikaanza. Kinanda kilinguruma, ngoma zikaingia, na kwaya yenye sare ya njano ikaja kwa mwendo wa kuyumba kutoka mlangoni. Zaitun alijikuta anatikisa kichwa, akajizuia.

"Kwaya mpya hii," Mama Sila alimnong'oneza. Baadaye kidogo: "Na mchungaji siku hizi anaimba sala! Zamani alikuwa anazisoma." Mchungaji alipoimba mstari, watu wote walimjibu kwa kuimba. Mama Sila alijibu kwa kusema kama alivyozoea, na sauti yake ikabaki peke yake hewani wakati wenzake wamekwisha nyamaza. Alianza kupiga magoti wenzake wakasimama. Zaitun hakujua lipi ni lipi. Alimtazama Jenifa, na Jenifa alichofanya ndicho na yeye alichofanya, akimvuta Mama Sila juu na kumshusha chini taratibu kwa ajili ya nyonga.

Ndipo Mzee Ulimboka aliposimama kutoa taarifa fupi. "Usharika wetu," alisema, "unawakumbusha akina mama kuhusu mazoezi ya kwaya."

Mama Sila alimkamata Zaitun mkono. "Mama Masudi. Amesema usharika."

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Sisi hatusemi usharika. Sisi tunasema parishi. Usharika ni wa Walutheri." Macho yake yenye ukungu yalitoka. "Umenileta kwa Walutheri!"

"Nimekuleta? Si wewe uliyesema paa jekundu?"

"Dodoma nzima ina mapaa mekundu!"

Walikuwa wananong'ona, lakini kwa ukali, mpaka Jenifa akageuka. Kisha Zaitun aliona kidevu cha Mama Sila kinatetemeka, na hasira ikamtoka. "Nilitaka kwetu," Mama Sila alisema polepole. "Nilitaka nikae kwenye benchi letu, nisikie nyimbo ninazozijua. Tutoke?"

Zaitun alitazama mlango. Ulikuwa mbali, na katikati watu walijaa. Yeye mwenyewe angeshukuru kutoka. Alikuwa mgeni mara mbili pale. Lakini alimkumbuka yule mzee aliyemwachia avue ndala zake.

"Tumekaribishwa, Mama Sila. Mwenye nyumba amekwambia karibu, unaondokaje hajakupa hata maji? Kaa. Mungu wako si yumo humu pia?"

"Yumo," Mama Sila alikiri, kama mtoto aliyeshindwa hoja.

Wakabaki. Mchungaji akahubiri habari za Ibrahimu aliyewaona wageni watatu, akakimbia kuwalaki, akawachinjia ndama pasipo kuwauliza wametoka wapi. Zaitun alinyanyuka kidogo kwenye benchi.

"Huyu namjua," alimnong'oneza Mama Sila. "Na ndama namjua. Kwetu alichomwa."

"Kwetu alipikwa tu," Mama Sila alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akacheka.

Mahubiri yalipokwisha Mzee Ulimboka alisimama tena. "Kama tuna wageni, tunaomba wasimame tuwafahamu." Zaitun alitazama miguu yake peku. Lakini Mama Sila alikuwa ameshaukamata mkongojo, akajiinua. Alinyooka kama aliyekuwa anasubiri nafasi hiyo.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Naitwa Elieth, mama yake Sila, natokea Bahi. Mimi ni Mwanglikana. Huyu aliyenishika ni jirani yangu Zaitun, natembea kwa miguu yake na naona kwa macho yake. Yeye ni Mwislamu wa Kondoa. Tulikuwa tunakwenda kanisani kwangu. Sasa yeye makanisa hayajui, na mimi sioni. Ndiyo maana mnatuona hapa. Tumepotea njia."

Kanisa lote liliangua kicheko. Mchungaji mwenyewe aliinamia mimbari, mabega yakimtikisika. Kisha makofi yakaanza nyuma yakaja mbele, wanawake wakapiga vigelegele, na Jenifa akamkumbatia Zaitun kwa nguvu hadi ushungi ukalegea. Zaitun alisimama akasema neno moja tu, "Ahsanteni," na hakuwahi kuona aibu tamu namna ile.

Baada ya ibada watu walikusanyika uani kwa mnada. Waliokosa fedha walikuwa wameleta sadaka ya mazao: maboga, mayai, miwa, kuku wawili waliofungwa miguu. Vitu hivyo vilinadiwa ili zipatikane fedha za kumalizia ukuta wa jengo la watoto. Akina mama waliwaketisha wageni kivulini wakawapa chai na mihogo.

Mnadi alikuwa Mzee Ulimboka, na siku hiyo mafua yalimkaba koo. Aliinua boga kubwa akasema kwa unyonge, "Haya, boga. Nani atalichukua boga?" Watu walipiga soga. Hakuna aliyejibu. "Boga jamani."

Zaitun aliweka kikombe chini. Akakichukua tena. Akakiweka. Mama Sila, ambaye hakuona boga lakini alimjua rafiki yake, akasema, "Nenda, Mama Masudi. Utapasuka."

"Masudi alisema nisiwafundishe kazi."

"Masudi hayupo."

Zaitun akainuka. "Mzee wangu, shikamoo. Ukininadia boga hivyo, hata mimi mwenye njaa sinunui."

Watu wakageuka. Mzee Ulimboka, kwa furaha ya mtu anayetuliwa mzigo, akamkabidhi boga. "Basi tusaidie, mama."

Zaitun aliliinua juu ya kichwa, na ile sauti ya Kondoa, ambayo hakuitumia tangu ahamie mjini, ikatoka kama haijalala hata siku moja.

"Njooni huku! Acheni maneno, maneno hayaliki! Hili si boga, hili ni mkwe mwema! Ukiingia nalo nyumbani mume anapangusa meza mwenyewe! Nani ana mkono? Au mikono mmeisahau mle ndani mlipokuwa mnapiga makofi? Wewe baba wa tai nyekundu, tai nzuri hivyo halafu nyumbani ule ugali na chumvi?"

Mwenye tai nyekundu akainua mkono. Jirani yake akampandia dau. Jenifa akawapandia wote wawili. Duara likakaza, watoto wakapanda ukuta, mchungaji akatoka ofisini na kanzu yake mkononi kuona kuna nini. Miwa ikaenda, mayai yakaenda. Kuku wa kwanza aligombewa na kwaya yote ya njano dhidi ya wazee wa kanisa, na Zaitun akawachochea pande zote mbili mpaka wazee wakasalimu amri huku wakicheka machozi. Jasho lilimtiririka. Mikono ilimuuma kwa kuinua vitu. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa amejua kwamba ameikosa.

Jenifa, aliyelishinda boga, alilibeba akaliweka mapajani mwa Mama Sila. "La wageni hili. Mkagawane."

"Mama," mchungaji alimwambia Zaitun, "tungekuwa na wewe kila Jumapili, ule ukuta ungefika mawinguni."

"Ibada ni yenu, baba mchungaji, mimi nina yangu," Zaitun alijibu kwa heshima. "Ila kwenye mnada niiteni. Huo hauna dini."

Jenifa aliwarudisha nyumbani kwa gari lake. Mama Sila alikaa nyuma amelikumbatia boga, akiimba chini chini. Kisha akaukatiza wimbo akasema, "Unajua, wiki nzima nilimwomba Mungu anifikishe kanisani. Sikumtajia kanisa gani."

Sila aliporudi safari na kusikia habari, alichora ramani akampa Zaitun, na Jumapili iliyofuata wakafika parishi yenyewe. Mama Sila alikaa kwenye benchi lake, akaimba nyimbo zake zote bila kukosea, akapokea meza ya Bwana, na machozi yakamtoka kwa raha. Zaitun alikaa kando yake miguu peku. Walipotoka nje watu wakaagana na kutawanyika. Siku hiyo hapakuwa na mnada. Zaitun alitazama uwanja mtupu akaguna.

"Kwenu pazuri, Mama Sila. Lakini pamepoa kidogo."

"Pamepoa?"

"Kule kwa Walutheri tulichangamka zaidi."

Mama Sila alisimama katikati ya njia akacheka mpaka ikabidi amwegemee Zaitun, na watu waliokuwa wanatoka ibadani wakawapita pande zote mbili wakitabasamu bila kujua wanachochekea.