Shavu Lisilokauka

Ndugu zake walimwita Bibi Bado, na jina lilimkaa kama kofia ya kupimiwa. Ukimuuliza kama picha imekwisha, jibu ni bado. Wachoraji wenzake walipenda rangi zinazokauka upesi. Yeye alipenda za mafuta, nzito kama siagi, zinazokubali kukwanguliwa leo na kupakwa upya kesho. Harufu tu ya tapentaini, ile ya kuzimulia rangi, ilimpa njaa ya kazi.

Daktari alipomwambia mama yake kwamba macho yanaondoka na hayatarudi, mama aliomba jambo moja: achorwe, ajione kabla giza halijaingia. Akawa anakuja kila Jumamosi, anaketi dirishani, shingo wima kama bibi harusi. Akitaka kuona, binti humwambia asubiri, rangi haijakauka. Ulikuwa uongo wa nusu. Haikukauka kwa sababu kila mama alipoondoka, mchoraji alilikwangua shavu kwa kisu na kulianza upya, akiutafuta ule wekundu uliojificha chini ya weusi wa ngozi ya mama, na saa zikimponyoka kwa raha.

Kaka yake alimtania kwamba watu hupaka nyumba nzima wakahamia, na yeye bado yuko kwenye shavu moja. Alicheka, akaendelea kukwangua.

Siku mama alipoingia ameshikwa mkono na kaka, akipapasa fremu ya mlango, mchoraji alijua maji yamekwisha kumwagika. Kaka hakutania.

“Nisogeze karibu, mwanangu,” mama alisema. “Macho yamenikatalia, lakini vidole bado ni vyangu.”

Mchoraji alitaka kumzuia, akakosa uso wa kufanya hivyo. Kidole cha mama kikatua kwenye shavu la picha, kikateleza, kikarudi kimelowa rangi.

“Mbichi hii.”

“Nimelikwangua asubuhi, mama. Rangi haikuwa na kosa. Ni mimi niliyekuchelewesha.”

Mama alikinusa kidole. “Nilijua. Kila nikiondoka, nilikuwa nakusikia ukikwangua huku ukiimba kabla sijamaliza ngazi.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mchoraji alichukua kitambaa akamfuta kidole polepole, machozi yakimdondoka. Kisha akainua macho kwenye picha. Pale kidole kilipoteleza, wekundu alioutafuta muda wote ule ulikuwa umejitokeza wenyewe, mwembamba, hai. Mkono wake ukamwasha kutaka brashi. Akaushikilia kwa ule mwingine, akaona haya kumtazama mama, ingawa mama hakuwa akimwona.