Koti Lisilopitisha Tone

Nilikwenda kijiji cha Kitaya kumchukua mama wa mtu mwingine. Zuhura, mwalimu mwenzangu na jirani yangu hapa mjini, mtaa wa Rahaleo, alikuwa amejifungua, na alitaka mama yake, Bi Somoe, awepo kwenye arobaini ya mtoto. Masika yalikuwa yamechachamaa. Nikasema nitamfuata kwa pikipiki yangu, kwani mimi ni mtu wa Tukuyu na mvua nimezaliwa nayo.

Nilikuwa nimenunua makoti mawili ya mvua kwa Saidi, muuza nguo wa Mikindani. Moja langu, moja la Bi Somoe. Yalikuwa mazito, ya mpira, mishono imezibwa kwa gundi ndani na nje. Saidi alinionyesha mengine mepesi yenye matundu ya hewa makwapani, nikacheka. Nani ananunua koti la mvua lenye matundu? Mbele ya walimu wenzangu nilimwagia langu ndoo ya maji, likabaki kavu ndani. "Halipitishi hata tone," nikawaambia. Zuhura aliniomba jambo moja tu: "Mama hapendi kubanwa, shoga yangu. Msikilize."

Asubuhi nikaondoka. Mvua ilinikuta kabla ya Nanguruwe, nikafunga zipu mpaka kidevuni na kuendelea. Baada ya hapo barabara ni udongo, na mara kwa mara nililazimika kushuka na kusukuma pikipiki kwenye tope. Nilipofika Kitaya, blauzi ilikuwa imenigandia mgongoni na suruali imelowa kiunoni.

Bi Somoe alinipokea barazani. Ni mama mwembamba, mcheshi, mkulima wa korosho na mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umelowa hivyo, na koti lote hilo?"

Majirani walikuwa wamejaa kuniona. Niliona haya, na haya yakageuka hasira. Nikampigia Saidi simu palepale. Nikamwita mwizi. Nikamwambia ameniuzia mfuko wa kubebea samaki. "Mwalimu, lakini mishono..." alianza kusema, nikakata. Bi Somoe aliinama kuchochea moto. Alinipa kanga kavu na ugali wa muhogo kwa samaki wa mtoni, na hapo nikajiona nimetetea haki yangu.

Kesho yake tulianza safari ya kurudi. Mvua ilikuwa haijanyesha, ila mawingu yalikuwa chini na hewa nzito kama ya jikoni. Nilimvalisha Bi Somoe lile koti lake, jipya kabisa. Nikafunga zipu, nikamvutia kofia kichwani na kukaza kamba zake. Langu nililikunja kwenye begi, maana niliamini ni hilo tu lenye mshono mbovu, linavuja.

Tulipoyaacha mashamba ya mpunga nyuma akanigusa bega. "Mwalimu, joto."

"Vumilia mama, mvua iko njiani."

Baadaye akanigusa tena. "Nifungulie kidogo, mwanangu."

"Mama, ukilowa Zuhura atanilaumu mimi."

Hakunigusa tena. Niliufurahia ule utulivu, Mungu anisamehe. Kisha nikahisi uzito wake wote umenilalia mgongoni, na kichwa chake kinagongagonga bega langu. Nikasimama kwa shida, nikampokea asianguke, nikapiga kelele.

Wanawake wawili waliokuwa wakipalilia mihogo walikuja mbio. Tukamlaza kwenye majani, nikavuta zipu. Mvuke wa moto ulinipiga usoni. Gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa, maji yanatiririka ndani ya mikono ya koti. Mvua ilikuwa haijadondosha hata tone moja.

"Umemchemsha mama wa watu," mmoja wa wale wanawake alisema, huku akimpepea kwa upande wa kanga yake.

Nilielewa yote kwa mara moja. Koti la Saidi halikuvuja hata kidogo. Lilizuia mvua isiingie, na kwa nguvu ileile likazuia jasho lisitoke. Maji yaliyonilowesha jana yalitoka mwilini mwangu mwenyewe, nilipokuwa nikisukuma pikipiki. Tukuyu kwenye baridi nilivaa koti kama hilo nikaona raha. Hapa pwani, nilikuwa nimemfunga mama mzima ndani ya sufuria na kumwambia avumilie.

Bi Somoe alifumbua macho, akanywa maji, akanywa tena. Mvua ikaanza kunyesha. Alikataa kuhamishwa, akaacha imnyeshee usoni. Alipopata nguvu, wale wanawake walimbadilisha kanga na kumsimamishia gari dogo lililobeba mihogo kwenda mjini. Dereva akamkalisha mbele. Mimi nikafuata nyuma na pikipiki, bila koti, nikilowa, na sikuona vibaya kulowa.

Rahaleo, Zuhura alitoka nje na mtoto mkononi. Bi Somoe akawahi kusema, "Mwalimu kanitunza vizuri njia nzima." Zuhura akanikumbatia. Nikakubali kukumbatiwa. Katika safari yote ile, hakuna kinachonichoma kuliko hicho.

Siku iliyofuata nilikwenda Mikindani kumwomba Saidi radhi mbele ya wateja wake. Alipokea, lakini hakutabasamu. Alinieleza kwamba kuna hata vitambaa vinavyozuia maji na bado vikapitisha mvuke wa jasho, ila kwa unyevunyevu wa huku navyo huchoka, ndiyo maana yeye husifia matundu ya makwapani. "Nilikuwa nataka kukwambia kwenye simu," alisema.

Jioni nikamweleza Zuhura ukweli, tangu mguso wa kwanza begani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuomba mara mbili?"

"Mara mbili."

Aliingia chumbani alikolala mama yake, akakaa huko. Mimi nikajiondokea.

Siku hizi kabla ya kuuliza koti linazuia nini, nauliza linatoa nini. Hilo ni rahisi kujifunza. Baada ya arobaini Bi Somoe alirudi Kitaya kwa basi, nami nikaenda kumsindikiza stendi. Alikaa dirishani, akanishika mkono.

"Njoo msimu wa korosho, mwanangu."

"Nitakuja, mama," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye gurudumu la basi.