James Otieno wawili na mstari mmoja mwekundu

Jamani, leo kompyuta imeumbuka na mimi napata likizo!

Miezi mitatu imeninyima, ikisema nishaenda nyumbani. Na mimi niko hapa Mwatate nakata mkonge, mgongo umekwisha.

Leo dada Mkawasi, mwenye kutengeneza programu ya likizo kwenye kompyuta hiyo, alikuwa akiijaribu mbele ya meneja. Anaandika amri moja kwenye skrini nyeusi, majibu ya majaribio yanageuka kuwa ukurasa wa tovuti. Mistari yote ya kijani, yaani kila jaribio limefaulu. Meneja anatabasamu.

Nikauliza nikiwa mlangoni, "Dada, umejaribu kwa majina gani?"

"Ya huku kwetu. Mwakio, Mghoi, Mwandoe."

"Kwetu Siaya kila mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno. Weka James Otieno wawili, kama tulivyo hapa shambani, umpe likizo mmoja tu."

Meneja akacheka. "Kumbe tumeajiri profesa!"

Dada akaongeza majina, akaandika tena ile amri.

Mstari mwekundu! Kompyuta imewapeleka likizo wote wawili!

Nilipiga kelele kama bao limeingia.

Meneja akausoma mwenyewe, mara mbili. Kisha polepole: "Otieno, basi la Kisumu ni saa ngapi?"

Mlio nyumbani, mwambieni mama nafika Jumamosi. Na nyinyi akina Otieno wengine, hamjawahi kupelekwa likizo mkiwa kazini?