Mablanketi ya Bustani

Blanketi nililoanua jioni hii lilikuwa limeanguka kwenye udongo. Nilipolikunja, harufu ya sufu mbichi na mchanga ikanisimamisha palepale kando ya kamba.

Kwetu Mweiga, wakati wa kiangazi, mchana ulichoma na alfajiri umande uliganda ukaunguza mimea. Mwaka mmoja, marafiki wa usichana wa mama walikuwa wanakuja kututembelea kutoka Murang'a, kwenye joto. Ndio waliomwambia, alipoolewa, kwamba huko kwa baridi hakuoti kitu. Mama alikuwa ameamua: watakula mukimo wa kijani kibichi, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani ya malenge ya bustani yake mwenyewe.

Jioni ya kuamkia siku ya wageni mbingu haikuwa na wingu. Mama alivua vitanda vyetu mablanketi yote, akatuita bustanini.

"Shika hapo kwa kona. Na usikanyage!"

"Na sisi tutajifunika nini?" dada yangu akauliza.

"Nyinyi muko na makoti. Malenge iko na nini?"

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya miguu. Mama akainua blanketi, gumu kama ubao. Chini yake majani yalikuwa mabichi, laini, hata moja halijaungua.

Wageni walikula, wakaongezwa. Mmoja akachungulia bustani dirishani.

"Kumbe baridi ya huku ni maneno tu!"

"Ni maneno tu," mama akasema, akimpakulia tena.

Jikoni, mimi na dada yangu tulikuwa tunapiga chafya kwa zamu.